Glasi ya Matembele

Mimi nina hasira za karibu. Mama yangu kule Machame alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa tayari nimenuna, na sijawahi kumbishia. Nalitaja hili mapema ili mtu asije akasema nilimficha. Karibu kila baya lililotokea baada ya mume wangu kuugua moyo lilipita kwenye hasira hizi, na ushindi tulioupata nao ilibidi uzisubiri zipoe kwanza.

Mume wangu anaitwa Loserian, Mwarusha wa Kisongo, fundi wa malori pale Sakina kando ya barabara ya Nairobi. Mimi ni Elinipa, ingawa tangu tumzae binti yetu wengi wananiita Mama Nalepo. Tunaishi Olasiti, kwenye kiwanja ambacho nusu yake ni nyumba na nusu ni bustani yangu. Ndugu zangu waliposikia naolewa na Mwarusha, waliuliza kama nitaweza kukaa na watu wa maziwa na nyama. Niliwajibu kwamba nitakwenda na mbegu zangu. Na kweli nilikwenda nazo: mnafu, mchicha, sukuma, matembele. Mama akaniongezea kipande cha isale alichokikata mpakani mwa kihamba chetu, shamba letu la ukoo, akakifunga kwenye gazeti.

Kwetu Uchagani isale hupandwa mpakani, na jani lake ndilo la kuombea msamaha. Ukimkosea mtu ukamletea jani hilo, hawezi kukufukuza. Mama alinikabidhi akisema kwa mdomo wangu huu nitalihitaji. Nililipanda kwenye kona ya bustani, likakua likawa refu kuliko mimi, na kwa miaka ishirini na minane sikuwahi kulikata hata jani moja. Nilijivunia jambo hilo.

Basi, asubuhi moja ya mwezi wa pili, Loserian akiwa chini ya lori, kifua kilimbana. Akajiambia ni gesi. Akatoka, akanywa maziwa mgando, akajilaza kwenye benchi la gereji akisubiri gesi itoke. Mafundi wenzake walimwona analowa jasho kama aliyemwagiwa maji, lakini mkubwa wao mwenyewe kasema ni gesi, nani ambishie? Walimfikisha hospitali saa nane mchana, akiwa hawezi hata kutaja jina lake vizuri.

Madaktari walimwokoa, na mpaka leo nawaombea. Daktari alinieleza kwamba kuna mishipa inayoulisha moyo wenyewe damu, na mmoja wa Loserian ulikuwa umejengeka mafuta kwenye kuta zake kwa miaka mingi. Siku ile yale mafuta yalipasuka ndani ya mshipa. Damu ikadhani pana kidonda, ikafanya kile ambacho huwa inafanya mtu akijikata kisu: ikaganda ili kuziba. Haikukosea kazi, alisema, ilikosea mahali. Ilipoziba pale, kipande cha moyo kikakosa chakula. Waliuzibua mshipa kwa dawa, lakini kwa kuwa alikuwa amechelewa akisubiri gesi, ncha ya moyo wake ilibaki dhaifu.

Tulirudi nyumbani na karatasi ya masharti. Nyama yenye mafuta apunguze, chumvi apunguze, mboga za majani aongeze. Niliposoma mstari ule wa mwisho nilikaribia kucheka. Miaka yote ya ndoa yetu Loserian alikuwa akila mnafu wangu kwa adabu tu, vijiko viwili, kisha anarudi kwenye nyama yake. Sasa hospitali yenyewe ilikuwa imesimama upande wangu. Mnafu ukawa wa mchana na wa jioni, tena sahani nzima. Akina mama wa jumuiya waliokuja kumpa pole walimtazama wakasema huyu damu imemwishia, mpe matembele. Hakuna mwanamke wa Arusha asiyejua kwamba matembele yanaongeza damu. Nikawa nachuma majani, nachemsha kidogo, nasaga kwenye blenda, nakamulia ndimu. Glasi kubwa asubuhi, glasi kubwa jioni. Alikuwa akifumba macho na kuinywa yote bila kupumzika, kisha ananirudishia glasi na kusema asante.

Wiki ya tatu tulirudi kupigwa picha ya moyo, na pale ndipo habari mbaya ilipokuja. Kwenye ile ncha dhaifu, ambako moyo haukuwa unacheza vizuri, damu ilikuwa imetulia, na damu ikitulia huganda. Donge la ukubwa wa harage lilikuwa limejishika ndani ya moyo wa mume wangu. Likichomoka, daktari alisema, linaweza kwenda moja kwa moja mpaka kwenye ubongo. Alianzishiwa warfarin, dawa ya kuizuia damu isigande ovyo. Miezi mitatu, kisha picha tena, tuone kama donge limeyeyuka.

Loserian aliuliza swali moja tu. Alitaka kujua kama ni sawa na tope kwenye tangi la dizeli, kwamba ukilitibua linakwenda kuziba nozo. Daktari akasema ni hivyo hivyo. Basi, Loserian akasema, mimi nitameza.

Dawa ile hupimwa kwa namba, na kila Alhamisi tulikwenda kliniki kutobolewa kidole. Damu ya mtu mzima wa afya huwa kwenye moja. Loserian alitakiwa afike kati ya mbili na tatu, asishuke hapo wala asipande. Chini ya mbili donge linaweza kukua. Juu sana damu inaweza kumtoka isizuilike. Msimamizi wa kliniki alikuwa nesi mmoja anaitwa Skolastika, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, na wa Kibosho. Wamachame na Wakibosho tunataniana kwa ajili ya vita vya babu zetu, ambao wao hawakuwa wakitaniana. Siku ya kwanza alipogundua ninakotoka alimpa mume wangu pole mara mbili, moja ya moyo na moja ya ndoa.

Siku hiyo hiyo alimkalisha Loserian akamweleza yote kuhusu dawa. Mimi sikuwepo. Nilikuwa kwenye dirisha la dawa nikigombana na kijana aliyeruhusu mtu kunipita kwenye foleni. Niliporudi maelezo yalikuwa yamekwisha, nikaona namba ya siku hiyo imeandikwa kwenye kadi: moja nukta mbili.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa moja nukta nne. Wakaongeza dozi. Iliyofuata, moja nukta tatu. Wakaongeza tena. Wiki ya nne, ya tano, namba imekaa palepale kama ng'ombe aliyegoma. Kila tukitoka pale nilikuwa nikimtazama mume wangu akitembea mbele yangu, na kila akijikwaa kidogo nilidhani ndilo donge limechomoka. Nilikuwa naogopa mpaka kinywa kinakauka. Nami nikiogopa huwa sionekani naogopa. Naonekana nimekasirika.

Nesi Skolastika aliuliza maswali yake. Anameza kila siku? Loserian akasema kila siku saa kumi na mbili jioni. Akanigeukia mimi: kuna dawa zozote za kienyeji nyumbani? Nikamjibu kwa kiburi kwamba kwangu takataka hizo hazivuki geti. Chakula je? Nikasema anakula kama alivyoandikiwa na hospitali, na nikaongeza kwamba kama wagonjwa wote wangekuwa na mke kama mimi, kliniki yake ingefungwa. Akaandika.

Kuhusu geti nilikuwa nasema kweli. Kaka yake Loserian, Mzee Lerionka wa Kisongo, alikuwa amekuja na chupa ya chai iliyojaa supu ya mifupa na mizizi, ile wanayokunywa wanaume wa kwao mtu akikosa nguvu. Nilimpokea getini, nikaichukua chupa, nikaimimina yote kwenye mfereji wa sukuma mbele ya macho yake. Mzee wa miaka sabini na mbili, ambaye ng'ombe zake ndizo zilizonioa. Aliomba tu chupa yake, kwa kuwa ilikuwa ya mke wake, akageuka akaondoka.

Namba ilipogoma kupanda nikaanza kuhesabu mambo kichwani. Kama dawa ni ya kweli na hospitali ni ya kweli, basi mwongo ni mtu. Ama Lerionka anamletea mizizi gereji nisikokuwepo, ama Loserian anatupa vidonge. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia. Nikaanza kumsimamia. Nilikuwa namhesabia vidonge kwenye kopo, nasubiri ameze, kisha namwambia afunue mdomo na kuinua ulimi. Mwanaume anayeendesha gereji yenye mafundi tisa, namkagua mdomo kama ndama. Alifunua. Na bado Alhamisi ikasoma moja nukta tatu, nikaamua kwamba anakwenda kutapika.

Jumamosi tulikuwa na ibada ya jumuiya nyumbani kwa Kandida, jirani yetu. Ulipofika wakati wa kutaja mahitaji ya maombi, nilisimama. Nikaomba wamwombee mume wangu kwa kuwa anatema dawa kwa siri na kunidanganya mimi mke wake. Wengine waliinamisha vichwa. Wengine hawakuinamisha, walinitazama wapate kila neno. Kufikia Jumapili mchana, baada ya kutoka kanisani, Loserian alikuwa ameshaulizwa na watu watatu kwa nini hataki kupona.

Jioni hiyo alipakia nguo kwenye mfuko. Akachukua kopo la vidonge, akaliweka juu. Nilimuuliza anakwenda wapi, akasema kwa kaka yake, Kisongo.

"Mama Nalepo," akasema, "mimi nilikuapia kwamba nameza. Miaka ishirini na minane hujawahi kunishika na uongo. Kama neno langu halikutoshi tena, sijui ninarudi nyumbani kwa nani."

Nilimjibu kwamba aende, na wakimzika asije kunilaumu. Ndiyo, nilisema hivyo. Nakumbuka kila neno, na kama maneno yangerudishwa kooni, lile ningelimeza kwanza.

Alhamisi ya kwanza hakuja kliniki. Nilikaa pale peke yangu kuanzia saa mbili hadi saa sita na kadi yake mkononi. Alhamisi ya pili, siku ya kumi na moja tangu aondoke, alikuja na Lerionka. Waliketi benchi la mbali. Niliwaamkia, wakanijibu, basi. Alitobolewa kidole, mashine ikawaza, Nesi Skolastika akaitazama, akaifuta, akamtoboa kidole kingine.

Tatu nukta nne.

Hapo nilisimama katikati ya watu. Nikasema kwa sauti kwamba sasa kila mtu ameona, kwangu alikuwa anatupa dawa na kwa ndugu zake anazimeza, ili mimi nionekane mbaya. Nusu yangu ilikuwa inafurahi mpaka inataka kulia kwa kuwa namba ilikuwa imepanda, na nusu nyingine ilikuwa inataka kumrarua. Nesi Skolastika aliinuka, akanishika kiwiko, akatuingiza wote watatu kwenye chumba chake, akafunga mlango.

Alianza na Lerionka. Mgonjwa anakula nini kwako? Mzee akataja bila haraka: asubuhi loshoro ya mahindi na maziwa mgando, mchana ugali na maziwa au maharage, siku ya mnada nyama kidogo, mafuta wameyatoa kwa sababu mgonjwa mwenyewe alikataa mafuta. Supu ya mizizi hakumpa, maana na yeye aliikataa, alisema amemwahidi mkewe. Niliposikia hilo nilitazama pembeni. Na mboga za majani? Mzee akamshangaa.

"Majani tunawapa mbuzi," akasema.

Nesi akanigeukia. Na kwako alikuwa anakula nini? Nikajinyoosha. Nilimtajia yote nikiwa najivunia: mnafu sahani nzima mchana, mnafu au sukuma sahani nzima jioni, na matembele ya kusaga glasi mbili kwa siku, asubuhi na jioni, bila kukosa hata siku moja. Aliweka kalamu chini.

"Glasi ya ukubwa gani, mama?"

Nikamwonyesha kwa mikono. Akavuta kiti chake karibu na changu. Alinieleza taratibu, na namshukuru kwamba hakucheka. Ini, alisema, ndilo linalotengeneza protini za kugandisha damu. Ziko nyingi, zinapokezana kazi kama mafundi wanaorushiana matofali, hadi damu igande. Baadhi ya protini hizo haziwezi kukamilika bila vitamini K, na vitamini K imejaa kwenye majani ya kijani. Dawa aliyokuwa anameza Loserian kazi yake yote ni kulizuia ini lisiitumie vitamini hiyo. Kwa hiyo kila jioni mume wangu alikuwa anameza kidonge cha kuzuia, na kila asubuhi mimi namnywesha glasi ya kufungua. Wao wakiongeza dozi, mimi naongeza majani. Kule Kisongo hakukuwa na majani, ndipo dozi yote ile ikapata nafasi, ikapanda mpaka ikapitiliza. Angekaa wiki mbili zaidi bila kupimwa, angeanza kutokwa damu puani na kwenye fizi, na labda mahali pabaya zaidi.

Nikauliza kwa nini hakuna aliyetuambia. Nesi akamtazama Loserian, Loserian akatazama viatu vyake. Aliambiwa, akasema. Siku ile ya kwanza aliambiwa asibadilishe kiasi cha mboga za majani, awe anakula kilekile kila siku. Naye aliona hakuna cha kubadilisha, maana nyumbani kwangu majani hayajawahi kupungua. Alijua ndiyo kawaida yangu. Nami siku ile nilikuwa dirishani nikigombania foleni.

Loserian hakunicheka wala hakunikaripia. Alisema neno moja tu.

"Nilikuapia."

Wakaondoka na dozi mpya iliyopunguzwa. Mimi nilibaki nimeketi. Nesi Skolastika alinipa maji, akasema mizizi ya shemeji yangu nayo isingefaa pamoja na dawa hii, kwa hiyo pale getini nilizuia kitu sahihi kwa njia mbaya. Kuhusu mengine, akasema, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini unang'olewa. Mgonjwa asinyimwe mboga kabisa, maana na hiyo ni kosa. Apewe kidogo, kilekile, kila siku. Akafungua droo, akatoa kikombe cha plastiki cha njano, akaniambia nikitumie hicho: kimoja kwa siku, cha mboga iliyopikwa, na matembele ya kusaga basi.

"Mmachame kupimiwa mboga na Mkibosho," akasema. "Babu zako wataamka."

Nilicheka nikiwa nalia. Nikaenda nyumbani nikaketi bustanini, na hasira zilikuja zote, ila mara hii hazikuwa na pa kwenda isipokuwa kwangu mwenyewe. Kumbe donge nililokuwa naliogopa mchana na jioni nilikuwa nalilisha kwa mkono wangu, tena kwa upendo, na ndimu juu yake. Na mtu pekee aliyekuwa anasema kweli muda wote ndiye niliyemkagua chini ya ulimi.

Jumamosi nilikwenda kwenye jumuiya. Kilipofika kipindi kilekile nilisimama nikasema kwamba wiki zile nilimsingizia mume wangu, kwamba hajawahi kutema kidonge hata kimoja, kwamba aliyekuwa anaiharibu dawa ni mimi na matembele yangu. Nikawaeleza kuhusu ini na majani, ili na mwingine mwenye mgonjwa wa dawa hiyo ajue kuuliza. Kandida alinishika mkono. Nilipoketi nilikuwa nimelowa kama nimelima.

Jumapili baada ya ibada nikaenda kwenye kona ya bustani na kisu. Nilichagua jani refu kuliko yote, nikalikata, nikalifunga kwenye khanga, nikapanda pikipiki hadi Kisongo.

Niliwakuta wameketi nje ya nyumba ya Lerionka, kaka na mdogo wake, wanatazama ndama. Nilipiga magoti mbele ya mzee kwanza, kwa sababu yeye nilimkosea akiwa getini kwangu. "Shikamoo shemeji," nikasema, nikalifungua jani nikamnyooshea kwa mikono miwili. Mzee alilitazama, akanitazama mimi, akalitazama tena.

"Na hili nalo anywe?" akauliza.

Loserian ndiye aliyelijua. Kwa miaka ishirini na minane nilikuwa nikimwambia kwamba lile jani pale konani halijawahi kukatwa. Nilimwona uso unabadilika. Alimweleza kaka yake kwa Kimaa, polepole, na sikuelewa yote, lakini nilisikia neno Machame na nikasikia jina la mama yangu. Mzee Lerionka akainama, akang'oa nyasi mbichi palepale miguuni pake, akazishika mkono wa kulia na kunionyesha.

"Sisi ni hizi," akasema. "Mtu akishika nyasi, vita imekwisha. Lako ni refu, sawasawa na mdomo wako. Lakini naona ni jambo lilelile."

Akalichukua jani langu, akanipa nyasi zake. Nikamgeukia mume wangu, na sikuwa na jani la pili, na maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima yaliniishia. Nilimwambia tu kwamba neno lake linanitosha, na kwamba sitalihesabu tena. Akanivuta mkono nikainuka. Alisema atarudi, ila kwa sharti moja, glasi ile akiiona tena anarudi Kisongo moja kwa moja.

Jumatatu alikuwa nyumbani. Kopo la vidonge nililiweka upande wake wa kitanda na sikulifungua tena. Mnafu nikaupima kwa kikombe cha njano, kimoja mchana, jioni hakuna. Alhamisi ya kwanza namba ilisoma mbili nukta tatu. Ya pili, mbili nukta sita. Ya tatu, mbili nukta nne. Nesi Skolastika alianza kuwaonyesha wagonjwa wengine kadi yetu, akiwaambia watazame kazi ya mwanamke wa Machame akishika kikombe cha Kibosho. Sikumwonea hasira hata kidogo. Kila Alhamisi nilitoka pale kichwa juu, nikimwangalia mume wangu akitembea mbele yangu, na alipojikwaa nilijua ni jiwe tu.

Muda wa dawa waliuhesabu upya, kuanzia namba ilipokaa sawa. Mwezi wa saba mwishoni, baridi ya Arusha ikiwa imekaza na Meru imejifunika wiki nzima, tulikwenda kupiga picha ya mwisho. Niliruhusiwa kuingia. Daktari alipaka ile jeli, akaweka chombo kifuani, akaanza kutafuta. Moyo wa Loserian ulikuwa unacheza kwenye kioo, mweusi na mweupe. Daktari alisogeza chombo upande huu, akakisogeza ule. Aliita mwenzake, wakatazama wote wawili, wakanong'ona. Nilishika ukingo wa kitanda. Nilikuwa nimejiapiza sitapiga kelele kwa lolote litakalosemwa.

Daktari akageuka akatuambia wamelitafuta kila mahali wasilipate. Donge halipo. Na ncha ya moyo, iliyokuwa imelala, imeanza kujikunja.

Basi nilivunja kiapo. Nilipiga vigelegele mle ndani, na nilipofungua mlango niliendelea nje, korido nzima, mpaka walinzi wakaja mbio na wagonjwa wa meno wakasimama. Loserian alitoka nyuma yangu anafunga vifungo vya shati, anacheka huku machozi yanamtiririka, na Nesi Skolastika akatokea mwisho wa korido akaitikia kwa vigelegele vya Kibosho. Sijawahi kufurahi hivyo, hata siku ya harusi yangu. Nilifurahi mpaka nikaogopa kwamba na mimi moyo utasimama. Daktari alisema vidonge vya kulinda mishipa ataendelea navyo maisha yake yote, na mafuta na chumvi atavikimbia, lakini warfarin basi, amehitimu.

Jumamosi iliyofuata Lerionka alichinja mbuzi wawili. Walikuja Waarusha wa Kisongo, walikuja mafundi wa Sakina, walikuja akina mama wa jumuiya, na Nesi Skolastika alikuja na gauni la kitenge kama mama mkwe. Getini kwa mzee nililiona isale, jani langu amelichomeka kwenye ua wa miti. Lilikuwa limeshakauka, maana jani halioti, lakini alikuwa hajaliondoa. Nilimwahidi kipande chenye mizizi.

Mimi nilikuwa nimebeba sufuria ya mnafu na kikombe cha njano. Nyama ilipokwisha kugawiwa nilianza kupita na sufuria, na wanaume wa kwao wakawa wananikwepa kwa heshima. Mzee Lerionka aliniita. Alininyooshea sahani yake, akasema nimpimie kimoja. Watu wakageuka kumtazama. Mzee alitafuna mnafu kwa muda mrefu, akautafuna tena, akaumeza, akafuta mdomo.

"Mbuzi wangu," akasema, "hawajawahi kuniambia kwamba ni mchungu hivi."

Waliangua kicheko mpaka ndama wakakimbia. Kilipotulia, Loserian, ambaye kwa miaka ishirini na minane alikuwa akila vijiko viwili kwa adabu, alimaliza kikombe chake cha siku, akaifuta sahani kwa kidole, akaninyooshea.

"Niongezee," akasema.

Nilikiweka kikombe cha njano chini, nikachota na upawa, nikamjazia sahani bila kupima.